Mtani Alipokuja Bila Utani

Mtani wangu hajui kubisha hodi kama binadamu. Yeye, mwanamke mwenzangu, ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru wa Bigwa, hapa chini ya mlima, na tulikaa ofisi moja mjini Morogoro tukipiga chapa barua za wakubwa mpaka tukastaafu. Akifika getini kwangu hupaza sauti majirani wote wasikie: "Wafiwa mpo? Nimekuja kula ubwabwa wa msiba, maiti iko wapi?" Nami namjibu kwamba maiti ni yeye, tulikuwa tunamtafuta tangu juzi aje alale kaburini mwake. Wageni wakisikia hushika vichwa. Sisi tunacheka mpaka machozi.

Ndiyo utani wetu, na hauna likizo. Siku ya msiba wa kweli, mtani ndiye anayejitupa kaburini akakataa kutoka mpaka apewe chochote, ndiye anayeficha majembe ya wachimbaji, wafiwa wakajikuta wanacheka katikati ya kilio. Na kazi ngumu za msiba anazifanya yeye. Sharti lake ni moja tu: hukasiriki. Ukimkasirikia mtani wako umekwisha, utatozwa kuku na habari itafika mpaka Kihonda kabla hujamaliza kununa.

Sasa mimi mwanangu wa pekee ni baharia. Alisomea mitambo, akapata kazi kwenye meli ya mizigo, lijimeli kuukuu kweli kweli, ambalo mabaharia wake hawana intaneti ya kwao. Simu zao zinashika wakiwa bandarini tu. Wakiwa njiani kuna kompyuta moja katika ofisi ya nahodha, wanaandika barua pepe zao pale, na zinatumwa na kupokelewa zote pamoja asubuhi na jioni. Basi nikanunua kompyuta ndogo ya mkononi, nikaweka programu ya barua pepe kama ile tuliyokuwa tukitumia ofisini, na kila asubuhi nikawa naifungua kabla sijageukia birika la chai.

Mwanangu nilimlea kwa radhi. Kwetu hivyo ndivyo mtoto anavyolelewa: hafanyi jambo zito bila kumuuliza mama. Alipokwenda mtihani aliuliza, alipokwenda Dakawa kuvuna mpunga kwa mara ya kwanza aliuliza, na huko baharini, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliendelea kuuliza. "Mama, kesho napandishwa juu ya mlingoti kufunga taa, nipande?" Nami najibu jibu letu: "Nenda baba, radhi zangu unazo." Wenzake walimcheka sana. Akaniandikia kwamba wanamcheka, na akauliza tena.

Mtani naye, mwanangu alipoondoka, ndiyo kama amefunguliwa kamba. Akawa ananitumia barua pepe karibu kila siku. "Tumesikia meli imezama. Sanda tumeshanunua, ila ni fupi, miguu itabaki nje." Kesho yake: "Msiba wenu huu mtapika wali au mtatupa ugali? Tujiandae." Zamani ningezisoma nikacheka peke yangu jikoni. Lakini mtoto yuko juu ya maji, jamani! Nikiliona neno sanda nakaa chini kwanza. Na kumwambia aache siwezi, si nimesema? Kuku, na aibu juu.

Nikafanya ujanja. Programu ile ina mahali unaweza kuipa amri. Nikaiamuru: barua yoyote yenye neno msiba, sanda au maiti, usinioneshe, itupe moja kwa moja kwenye kapu la taka. Ikatii. Tulipokutana na mtani sokoni akaniuliza, "Barua yangu ya jana umeiona?" Nikamjibu, "Nimeiona, na utatangulia wewe." Akafurahi. Mambo yakawa shwari, na ile amri nikaisahau kabisa, kama unavyosahau ndoo uliyoiacha nyuma ya nyumba.

Halafu mwanangu akanyamaza.

Siku ya kwanza nilisema wako kazini. Ya pili nikasema bahari imechafuka, kompyuta yao imezimwa. Baadaye nikaishiwa maneno ya kujiambia. Nikaandika: "Baba, mbona kimya?" Hakuna kitu. Nikaandika tena: "Mwanangu, mbona kimya? Nijibu hata neno moja." Kimya. Nilikuwa naibonyeza ile sehemu ya kupokea barua mpaka kidole kikauma, na kila mara programu inaniambia vilevile, hakuna barua mpya, hakuna barua mpya. Laiti ningekuwa na pa kuipiga kofi.

Nikasema hapana, hii kompyuta ina ugonjwa. Nilishika tumaini hilo kwa mikono miwili. Nikaizima nikaiwasha. Nikabadilisha nywila. Nikaongeza bando, maana labda limekwisha. Mlima ukifunikwa na mawingu mtandao huku Bigwa unayumba, basi nikaitoa kompyuta sebuleni nikaiweka barazani, nikaihamishia dirishani kwa jirani, nikaipandisha juu ya pipa la maji, kila mahali nikisema Yarabi, ishike hapa. Inashika. Tena vizuri. Barua za matangazo ya magodoro zinaingia, mwanangu haingii.

Nikaibeba mpaka mjini kwa fundi wa kompyuta, baba mmoja mpole ana kibanda karibu na soko. Nikamweleza. Akaikagua. Akaangalia mtandao, akaangalia kama sanduku la barua limejaa, akachungulia huku na huku. Mwisho akatoa simu yake akaniandikia barua ya majaribio, maneno mawili tu: "Habari mama." Ikaingia palepale, ting!

"Umeona?" akasema. "Kompyuta yako nzima kabisa, mama yangu. Barua zinafika. Labda huyo unayemsubiri ndiye hajaandika."

Alisema kwa upole, wala sikumchukia. Lakini nilitoka pale na hofu kuliko niliyoingia nayo. Maana kila alichokikuta kizima kilikuwa kinaniondolea mwanangu. Mtandao mzima, nywila nzima, programu nzima. Kama hivi vyote vizima, basi aliye mgonjwa ni nani? Nilisimama kando ya barabara, wanawake wa mlimani wananipita na vikapu vya karoti kichwani, wananiambia shikamoo, nami nashindwa kuitikia marahaba.

Nilimpigia simu wakala wa Dar aliyempatia kazi. Iliita wee, ikakatika. Nikapiga tena, akapokea mtu akasema meli iko safarini, wakipata taarifa yoyote watanipigia. Taarifa yoyote! Mimi maisha yangu yote nimepiga chapa barua za namna hiyo, najua zinaandikwa lini. "Tutakujulisha" huandikwa na mtu ambaye hajui, au anajua na hataki kusema.

Kuanzia hapo niliogopa kila kitu. Niliogopa redio, nikaizima. Simu ikiita naiangalia tu mpaka inyamaze, halafu naogopa kwa sababu sikupokea. Watoto wa jirani wakipiga kelele bombani natoka mbio nje. Chakula kilikuwa kama mchanga. Niliswali nikasahau rakaa niliyofika, nikaanza upya, nikasahau tena. Na ile kompyuta niliifunika khanga, kisha nikawa naifunua kila baada ya muda kidogo kuangalia, naifunika tena. Mwanamke mzima, na akili zangu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani na mto ulikuwa unanguruma. Nilikuwa nimekaa barazani. Geti likafunguliwa taratibu, nikamwona mtani, amejitanda khanga, mwavuli mkononi. Nikasubiri kelele zake. Haki ya Mungu nilizisubiri kwa hamu, nilitaka mtu anitukane nijisikie mzima.

Akasema, "Hodi."

Hodi tu. Akasogea, akafunga mwavuli, akaniangalia usoni. "Umeamkaje, dada?"

Dada! Tangu nimjue hajawahi kuniita dada. Ameniita mchawi, ameniita mla konokono, ameniita kaburi linalotembea. Dada, hapana. Nikajua. Mtu gani hutumwa kwa mfiwa kama si mtani wake? Na ni lini mtani huacha utani getini kama si siku ambayo mzigo aliobeba haubebeki? Nikasikia mtu analia kwa sauti kubwa, kumbe ni mimi.

"Nyamaza!" akanishika mabega. "Nyamaza, mwanao yu hai! Sikia, yu hai! Ameniandikia."

"Lini?"

"Jana jioni. Nimeiona alfajiri hii, nikatoka mbio hata uso sijanawa."

"Kwa nini akuandikie wewe?"

Akatoa simu yake, akanisomea. "Shikamoo mama mtani. Nakuomba uende kwa mama. Ananiuliza mbona kimya, nami namwandikia kila siku. Barua zangu hazioni. Kuna jambo nimemuuliza na nataka jibu lake haraka. Tafadhali usimtanie, huku tumepata msiba."

"Sasa ningekutania vipi," akasema mtani, na machozi yanamlengalenga, "mtoto ameniandikia hivyo?"

Lakini mimi nilikuwa sisikii tena. Neno lile lilikuwa limenigonga kichwani. Msiba. Nilimsukuma mtani wa watu, nikaingia ndani, nikaifunua kompyuta. Kapu la taka sijawahi kulifungua hata mara moja, kwa sababu nilijua mle kuna sanda na majeneza ya mtani, na sikutaka kuyaona. Kishale kinakimbia kioo kizima. Nikalifungua.

Mtume! Zilikuwa mle. Zimepangana, moja ya mtani, moja ya mwanangu, mbili za mtani, moja ya mwanangu. Mtani alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaziona barua zake zote za utani zimetupwa, hakuna hata moja iliyosomwa. Alivuta kigoda akakaa ubavuni kwangu.

"Anza na ya zamani," akasema.

Ya kwanza: "Mama, tumepata msiba. Mzee aliyenifundisha kazi amefariki. Aliteremka kwenye tangi la chini kabisa la meli kusafisha, kumbe mle hewa ilikuwa mbaya. Hakupiga hata kelele. Tumeivuta maiti kwa kamba."

Ya pili: "Mama, tangu msiba ule tangi halijakwisha kusafishwa na wanataka limalizwe kabla hatujafika bandarini. Wamenichagua mimi. Mkubwa wetu anasema liliachwa wazi siku nzima, hewa mbaya imeshatoka. Nimemwambia nitamuuliza mama yangu kwanza. Wamenicheka sana. Nishuke au nisishuke?"

Ya tatu: "Mama, unaniuliza mbona kimya, mimi nakuuliza kuhusu tangi la msiba, kama tunaongea kila mtu na ukuta wake. Nishuke au nisishuke?"

Na nyingine, na nyingine. Zote zina neno lile, angeandikaje bila kulitaja? Ya mwisho ilikuwa imeingia asubuhi hiyohiyo, nilipokuwa nimekaa barazani nikiusikiliza mto. "Mama, wamesema habari ya kumsubiri mama yangu mwisho leo. Mchana tangi linafunguliwa. Mzee wa ule msiba alikuwa na kazi hii miaka yote, na mimi ndiyo kwanza naanza. Naogopa, Mama."

Mwanangu hajawahi kuniambia anaogopa. Hata alipokuwa mdogo akaumwa na nyoka kule shambani alisema tu mguu unawasha.

Niliandika herufi kubwa, sikutafuta salamu. USISHUKE. USISHUKE BABA. Nikabonyeza kutuma. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Nikatazama nje, mlima wote umemezwa na wingu, hakuna mlima. Mtandao umekwenda zake. Siku zote nilipokuwa nasubiri tu ulikuwepo, na leo ndiyo unaondoka!

"Twende darajani," mtani akasema. "Pale mtandao unashika hata mvua ikiwepo."

Tukatoka, mimi na kompyuta kifuani nimeifunika khanga yake, yeye amenishikia mwavuli, yeye mwenyewe analowa. Barabara ni utelezi mtupu. Vikongwe wawili tunakimbia na kompyuta kama tumeiba. Hakuna aliyetucheka, nadhani nyuso zetu zilitosha. Darajani maji yanapita chini yetu mekundu, yana kelele, na mimi nimeegemea ukingo nimekiangalia kile kiduara. Nilikuwa nasema maneno, sijui yapi. Mtani aliniambia baadaye nilikuwa namwita mama yangu marehemu.

Kiduara kikasimama. Imetumwa.

Lakini kutumwa si kusomwa. Tulijua wote wawili kwamba barua za meli zinasubiri jioni, na tangi linafunguliwa mchana. Tulirudi nyumbani. Niliifuta ile amri, nikaifuta kwa hasira utadhani ni mtu. Halafu tukakaa. Mtani alipika uji, hakuna aliyeunywa. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaswali, tukakaa tena. Kila nikifumba macho naiona ile kamba. Alasiri nikamwambia nenda kwako, umelowa, utaugua. Akasema haendi popote. Jioni haikuleta kitu. Akalala kwangu, chumba kimoja, na nilimsikia akigeuka upande huu na huu kama mimi.

Asubuhi nilishindwa kuifungua kompyuta. Nilimwambia mtani afungue yeye. Nikageukia ukutani. Nikasikia ting, kisha pumzi yake ikitoka.

"Soma mwenyewe," akasema. "Geuka, usiogope. Soma."

"Mama, sikushuka. Jibu lako limefika jana jioni, lakini mchana nilikuwa nimeshakataa. Nilimwambia mkubwa, mama yangu kila siku hunijibu nenda, hili peke yake hajanijibu, kwa hiyo sishuki. Amenitukana sana. Usiku tumeingia bandarini, alfajiri hii wakaguzi wameteremsha kipimo cha hewa kwenye tangi, wamelifunga palepale. Wamesema hewa ya mle angeingia mtu asingetoka. Mimi nimeachishwa kazi kwa kukataa amri. Narudi nyumbani, Mama. Usiwe na wasiwasi."

Nilikaa sakafuni. Nikalia kilio kingine, cha namna nyingine. Mtani aliningoja mpaka nikapungua, akanipa upindo wa khanga yake nipengee kamasi, akaikunja vizuri, akasimama, mikono kiunoni.

"Sasa sanda nimeshanunua," akasema. "Nitaifanyia nini? Na barua zangu nzuri zile zote umezitia takani. Kuku wawili!"

Wee, nilicheka! Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na majirani wakaja kuchungulia wajue kuna nini. Kuku nimelipa, wote wawili, majogoo.

Mwanangu alirudi salama, amekonda, anakula kama aliyetoka kufungwa. Kwa sasa anatengeneza mashine za kukoboa mpunga huko Turiani na analala nchi kavu. Watu wakisikia habari hii wananiambia nimshukuru Mungu, na ninamshukuru. Lakini woga haujaniisha. Siku moja, nikiwa peke yangu, nilifungua mahali zinapokaa barua nilizotuma. Nilitaka tu kuiona ile USISHUKE. Chini yake kulikuwa na zile za mbona kimya, na chini zaidi majibu yangu yote ya tangu alipoondoka. Nikayasoma moja moja, na swali lake liko chini ya kila jibu. Nipande mlingoti, upepo ni mkali? Nenda baba, radhi zangu unazo. Niingie kwenye mashine ikiwa bado ina moto? Nenda baba, radhi zangu unazo. Nishuke kwenye ngazi ya kamba, hii ni mara yangu ya kwanza? Nenda baba. Nenda baba. Hakuna swali hata moja nililolisoma mpaka mwisho. Na lile la tangi, lingenifikia asubuhi ile lilipoandikwa, ningelijibu hivyohivyo, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha chai.